Shemeji Ananisihi Nisichukue Kumbukumbu za Walioumia Uwanjani

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kinyozi, na gazeti lenu hukaa kwenye benchi la wateja wangu, na nakiri kwamba ukurasa wako huwa nausoma kwa sauti ili watu wacheke wakisubiri zamu, tunawacheka waandishi wa barua kwamba hivi mtu mzima na akili zake anakosaje wa kumwuliza mpaka aandikie gazeti, na leo nimekaa kwenye benchi lile lile, mchana wateja wameadimika, nakuandikia mimi, kwa sababu kila ninayeweza kumwuliza yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mke wangu ni fundi wa kushona. Binti yetu anacheza mpira wa pete, na mechi zao huchezwa Jumamosi kwenye viwanja vya michezo vya jiji, pale penye bwawa la kuogelea upande mmoja na ukumbi wa mazoezi upande wa pili, na mke wangu hakuwahi kukosa mechi hata moja, mimi ndiye niliyekuwa nakosa maana Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Alikuwa akipanda mpaka safu ya juu kabisa ya jukwaa la watazamaji, anasema ukiwa juu unaona nani kaachwa bila mlinzi, na alikuwa akiwapigia kelele watoto wa watu mpaka mwalimu wa timu akamwomba apunguze. Basi Jumamosi moja binti yetu kafunga, mama yake kainuka kushangilia, ubao ukakatika, akashuka nao katikati ya vyuma mpaka chini. Nyonga ilivunjika. Aliyembeba na kumkimbiza hospitali ni kaka yake, ambaye ni fundi wa spika na siku ile alikuwa pale kafunga vipaza sauti vya matangazo, na hospitalini alilia kuliko sisi sote, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda cha mdogo wake asitake kuondoka, na manesi wakasema heri kuwa na kaka kama huyu.

Tuliandika barua ya kudai fidia. Watu wa bima ya jiji wakatujibu kwa karatasi nzuri yenye nembo kwamba jukwaa lile ni imara, halijawahi kumdhuru mtu tangu lijengwe, na kwamba mashahidi wanasema mama huyo alikuwa akirukaruka mahali pa kukaa. Mke wangu alisoma, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani. Mimi ndiye niliyesema sana, na nilisemea kazini, na mteja wangu mmoja, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, akaniambia nikiwa namchonga kisogo, "Wewe unapiga kelele kwenye kiti cha kunyolea kuna faida gani? Hizo ni mali za umma. Kila aliyeumia na kudai, dai lake limeandikwa mahali. Nenda ukaombe kumbukumbu za madai yote ya majeruhi katika viwanja, kumbi na mabwawa ya jiji, tuone kama kweli wewe ndiye wa kwanza." Akaniandikia maneno yenyewe nyuma ya kadi ya hospitali.

Nikaenda. Ofisi ya kumbukumbu iko orofa ya juu, lifti imekufa, na mama wa kaunta alisoma barua yangu mara mbili kisha akaniuliza, "Unazitaka za nini?"

Nikamwambia kama nilivyofundishwa na yule mzee, "Kwani nalazimika kueleza?"

Akanitazama, nikadhani kakasirika, kumbe anataka kucheka. "Hulazimiki," akasema. "Majina ya watu yatafutwa kwa wino mweusi, mambo mengine yote utayasoma. Tutakupigia." Akagonga muhuri, akanipa nakala yangu, nikashuka ngazi zile najiona mwanamume.

Jumapili shemeji alikuja kula kwetu kama kawaida yake, na mimi kwa kujisifu nikaileta nakala mezani, nikaeleza, mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Shemeji aliacha kula. Akasema tumbo linamsumbua, akaondoka mapema, sikutia maanani.

Kesho yake mchana akaja kazini kwangu. Alikaa kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho alipotoka, akahamia kwenye kiti, akasema, "Ndevu tu." Nikamfunga taulo, nikampaka povu, nikaanza shavu la kushoto. Alikuwa amefumba macho.

"Lile ombi lako la jiji, shemeji, kaliondoe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu humo ndani nimo."

Nikasimamisha wembe. Akanieleza vile vile macho kayafumba kwamba ile pikipiki haikuwepo. Mama Mshauri, mwaka juzi shemeji huyu alivunjika mbavu na bega, na sote tuliambiwa ameanguka na pikipiki, tukampa pole, tukamgombeza kwa mwendo wa kasi, na mke wangu akawa anamfulia na kumpikia mpaka alipopona. Kumbe alianguka kutoka jukwaa lile lile, akivuta waya wa spika kwenye safu ya juu, ubao ukamkatikia. Watu wa bima wakamfuata kitandani na karatasi, kwamba apokee fidia na asilizungumze na mtu yeyote, hata wa nyumbani, na kwa vile yeye kazi zake nyingi anapewa na jiji, akasaini. Ubao ule mmoja wakaubadilisha. Mbao zilizobaki wakazipaka rangi.

"Na mdogo wako ukamwacha akae pale kila Jumamosi," nikasema.

"Nilimwambia asikae juu."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia juu kuna jua."

Nilikumbuka, Mama. Nilikuwepo siku anamwambia. Mke wangu alicheka, na Jumamosi iliyofuata akaenda na mwavuli.

Shemeji akasema watu wa bima wakijua kasema watamdai walichompa na kazi za jiji hataziona tena, lakini hayo anaweza kuyabeba, asichoweza ni kumtazama mdogo wake usoni. Nikammalizia shavu la kulia kwa sababu huwezi kumtoa mtu barabarani na nusu ndevu, nikamkata kidogo chini ya sikio, hata hakushtuka. Aliposimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikasema, "Nimekusikia." Yeye kaichukua kauli hiyo kuwa ni ahadi, na mimi sikumsahihisha.

Basi mama wa kaunta amekwisha kunipigia, kumbukumbu ziko tayari, niende na kitambulisho. Sijaenda. Kila jioni nikirudi mke wangu ananiuliza, "Wamejibu?" nami nasema, "Bado, si unawajua watu wa maofisini." Na angenyamaza kwa hilo ingekuwa afadhali, lakini juzi nilimsikia akimwambia binti yetu, "Unisamehe mwanangu, mama yako kajirusha kama mtoto mdogo, ona sasa tulipofika." Binti yetu viatu vya mchezo kavifungia kabatini, hataki tena kusikia habari ya mpira. Na jana mke wangu kaniambia tuliache hilo dai, tusiwasumbue watu wa jiji kwa kosa lake mwenyewe. Tarehe ya mwisho ya kukata rufaa bima imekaribia.

Nikizichukua kumbukumbu zile, namvunja mtu ambaye wazazi wao walipofariki ndiye aliyemlea mke wangu, ndiye aliyempeleka kujifunza kushona, na mimi posa yangu niliipeleka kwake. Nisipozichukua, namwona mke wangu anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja huku anajilaumu. Najuta kwamba sikwenda uwanjani siku ile, najuta kulitaja lile ombi mezani, saa nyingine najuta hata kumsikiliza yule mzee wa mahakama. Nishauri. Na ukitaka kunigombeza nigombeze, nimewasomea wengine vya kutosha.

Ni mimi,
Kinyozi Niliyekwama

*

Kinyozi,

Mpe mkeo pole yangu, pole kubwa. Wewe nakupa ndogo, na nitakueleza kwa nini.

Umeniandikia barua ndefu, na nusu yake nzima ni shemeji: shemeji alilia, shemeji alifumba macho, shemeji alikushika mkono. Mkeo umemwekea mistari michache mwishoni, na katika mistari hiyo anamwomba mtoto wake msamaha kwa kosa asilolitenda. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikatoka kwenda kunywa maji. Rudi uisome barua yako mwenyewe, na safari hii usiwasomee wateja.

Unadhani unatunza siri ya shemeji yako. Hapana, baba. Unatunza uongo wa watu wa bima. Wao waliandika kwamba jukwaa halijawahi kumdhuru mtu. Wao wanajua si kweli, shemeji anajua si kweli, na sasa wewe unajua. Hivyo upande mmoja mmesimama ninyi nyote, na upande wa pili yuko mkeo peke yake na nyonga yake iliyovunjika. Najua hukupanga iwe hivyo. Lakini ndivyo mlivyosimama, na kila jioni ukisema "bado" unasogea hatua nyingine upande wao. Tena unamsingizia mama wa watu wa kaunta, ambaye katika kisa hiki chote ndiye pekee aliyefanya kazi yake kwa wakati.

Sasa kuhusu shemeji. Sitamtukana. Mtu kalala kitandani na mbavu zimevunjika, anawaza atakula nini, anawekewa karatasi mbele na watu waliovaa vizuri. Wengi wetu tungesaini. Alikosea baadaye, aliposema jua badala ya ubao, na hilo analijua kuliko mimi na wewe. Hiyo aibu ni yake na ataibeba. Usimbebee. Ukimbebea wewe, mkeo atakuja kuipata aibu ya kaka na uongo wa mume kwa siku moja, na hapo sijui utaniandikia barua gani.

Halafu kuna jambo moja hukuligusa kabisa, likanishangaza kwa mzazi. Jukwaa lile bado limesimama? Jumamosi ijayo nani anapanda? Wewe umeomba madai ya viwanja vyote, na bwawa, na ukumbi. Hujui bado ndani ya bahasha ile kuna watoto wa nani.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, funga kibanda na uende kwa shemeji yako, usimngoje aje. Mwambie kumbukumbu utazichukua, na kwamba majina yamefutwa, hivyo si wewe wala ile karatasi itakayomtaja. Anayeweza kumtaja ni yeye mwenyewe. Mpe siku mbili tatu aende kwa mdogo wake akaseme kwa kinywa chake. Usimsemee, na usikae katikati kama mkalimani. Ile hati aliyosaini aipeleke kwa wanasheria wa msaada wa bure waisome, maana watu wengi hutishika kwa karatasi ambazo hawakupewa hata nakala zake. Wewe hukusaini chochote. Hakuna aliyekufunga mdomo ila wewe mwenyewe.

Usiku huo huo, yeye akishasema, mwambie mkeo la kwako: kwamba walijibu zamani, na wewe umekuwa ukimficha. Usitangulize sababu. Sababu akitaka ataiuliza.

Kisha mkachukue kumbukumbu, na mkiwa pale pale kaunta andikeni ombi la pili, mtake taarifa za ukaguzi na matengenezo ya jukwaa lile. Madai yanaonyesha walioumia. Ukaguzi unaonyesha nani alijua na akaacha. Gongewa muhuri, tunza nakala, na rufaa ipelekwe kabla ya tarehe hata kama karatasi nyingine hazijakamilika.

Usijutie kumsikiliza yule mzee wa mahakama. Mnyoe bure mara moja, anastahili.

Mama Mshauri

*

Kinyozi alituandikia tena miezi kadhaa baadaye. Tunachapa kwa ruhusa yake na ya mkewe.

Mama Mshauri, nilifanya ulivyosema, ingawa si kwa mpangilio, maana nilipofika kwa shemeji hakutaka siku mbili wala tatu, alivaa shati tukaongozana. Alimwambia mdogo wake akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza jambo moja tu, "Mbavu zilikuuma sana?" Shemeji akasema ziliuma. Akamwambia, "Haya, nenda."

Akanigeukia mimi. "Na wewe 'bado' zako zote zilikuwa hizi?" Nikasema ndiyo. Usiku ule alihamishia mto wake chumba cha binti yetu, ukakaa huko muda mrefu. Sasa umerudi. Maneno ndiyo bado machache.

Kumbukumbu tulikwenda kuzichukua pamoja. Mama wa kaunta alipoambiwa kuna mgonjwa chini asiyeweza ngazi, alishuka nazo mwenyewe. Mke wangu alizisomea palepale kwenye benchi la mapokezi. Vigae vya bwawani vilivyong'oka vilikata watu miguu, mlango wa ukumbi ulimwangukia mtu, na jukwaa letu lilitajwa tena na tena, kabla ya shemeji na baada yake. Alikuwa akipitisha kidole juu ya kila jina lililofutwa kwa wino, na kwenye moja akasimama, umri ulikuwa wa mtoto, akasema, "Huyu naye labda waliambiwa alirukaruka."

Jukwaa limevunjwa. Bima wamelifungua upya dai letu, na shemeji ametoa maelezo yake mbele ya mwanasheria. Hati yake ilisomwa, wakasema haimzuii kueleza palipo na hatari, na hadi leo hakuna aliyemdai kitu, ila kazi za jiji kweli hazioni. Mguu wa mke wangu madaktari wanasema umefika ulipofika. Anashona polepole. Binti yetu hajarudi mchezoni na hatumlazimishi, Jumamosi anamsaidia mama yake kukata vitambaa, na mimi siku hizi nafunga mapema Jumamosi nakaa nao, wakati hakuna tena mechi ya kwenda kutazama.

Shemeji huja Jumapili kama zamani. Mke wangu hamfukuzi, ila ile "kaka" haijatoka mdomoni mwake tangu siku ile. Akimwona mlangoni humwambia binti yetu, "Mpe mjomba wako kiti." Anapewa, anakaa, anakunywa chai yake taratibu, na kila mdogo wake akifungua kinywa namwona anainua uso.